Gesi Imeisha au Imevuja? Lugha ya Mafundi wa Mabomba ya Viyoyozi katika Pwani ya Bagamoyo



Mada ya mhadhara huu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Yapo mazoea ya kudhani kwamba mhadhara wa Kiswahili sharti uhusu ushairi, tamthilia au historia ya usanifishaji, na kwamba mabomba ya shaba yapitayo nyuma ya kiyoyozi ni shughuli ya wenzetu wa uhandisi. Mimi nitashikilia kuwa ni nadra kuona uwezo na upungufu wa istilahi zetu waziwazi kama pale ambapo mtu mmoja yuko juu ya ngazi, mwingine yuko chini kando ya mitungi mitatu, na aliye juu anasema kwa sauti: "Lete gesi."

Eneo ninalolizungumzia ni ukanda wa pwani unaoanzia Tegeta na Bunju, ukapita Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, hadi Bagamoyo penyewe. Nyumba nyingi zimejengwa huko katika miongo miwili iliyopita, pamoja na hoteli za ufukweni, na kiyoyozi si kitu cha ajabu tena. Fukuto la Januari na Februari, wakati wa kaskazi, halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyelala chini ya paa la bati. Mafundi wanaovifunga viyoyozi hivyo ni vijana waliopitia vyuo vya ufundi stadi, au, mara nyingi zaidi, waliojifunza kwa kumshikia fundi mkubwa ngazi. Lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja katika boksi havina Kiswahili.

Kazi yenyewe

Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kina mapande mawili. Pande moja hutundikwa ukutani chumbani, na jingine, lenye kompresa, hukaa nje. Mapande hayo huunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba, moja jembamba na moja nene. Ndani ya mabomba hayo huzunguka kitu kimoja tu, katika hali mbili. Katika bomba jembamba hupita kimiminika kwenda chumbani. Huko huchemka kwa joto la chumba, kikageuka mvuke. Mvuke huo hurudi nje kwa bomba nene, ukashindiliwa na kompresa, ukatoa joto lake uwanjani na kuwa kimiminika tena. Kwa hiyo kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la chumbani na kulitua nje, kama mpagazi.

Mzunguko huo umefungwa. Hakuna kinachoingia wala kutoka, na pande la nje huja kutoka kiwandani likiwa tayari limetiwa kiasi kinachotosha mabomba ya urefu wa mita kadhaa. Kazi ya fundi ni kuyaunganisha mapande mawili bila kuacha tundu na bila kuacha ndani kitu kisichohusika: hewa, maji, wala unga wa shaba. Ndiyo maana bomba hukatwa kwa kisu chake cha gurudumu, si kwa msumeno. Kingo husuguliwa mdomo ukiwa umeelekezwa chini. Mdomo hupanuliwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 ili ukae sawasawa kwenye nati. Na nati hukazwa kwa spana mbili, moja ikishikilia na nyingine ikizungusha, ili bomba lisisokotwe. Kila bomba huvishwa sponji yake peke yake. Kisha mfumo hupimwa kwa naitrojeni kavu, ukavutwa kwa pampu hadi ndani pakawa patupu, na mwishoni tu ndipo vali hufunguliwa.

Kuisha na kuvuja

Sasa tuje kwenye lugha. Kiyoyozi kilichofungwa mwaka uliopita hakipozi. Mwenye nyumba anamwita fundi, naye anaunganisha geji, anaitazama, anasema: "Mama, hii gesi imeisha." Mama anauliza, "Si uliijaza mwaka jana, mwanangu?" Fundi anajibu, "Ndiyo mama, gesi huwa inaisha." Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi kiasi kwamba nayachukulia kuwa ni fomula, kama zilivyo fomula za maamkizi.

Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na si kweli kifizikia. Mafuta ya taa huisha kwa sababu huungua. Gesi ya kupikia huisha kwa sababu hiyohiyo. Kitu kilicho ndani ya kiyoyozi hakiungui wala hakiliwi, huzunguka. Kikipungua, kimetoka, na kama kimetoka pana tundu. Kitenzi kinachostahili hapa ni *vuja*.

Mtu anaweza kuuliza: tofauti ni nini, ikiwa mteja na fundi wanaelewana? Tofauti imo katika sarufi ya vitenzi hivyo viwili. *Isha* ni kitenzi kisichodai mtendaji, wala mahali, wala sababu. Kimezoeleka mno katika kueleza ukomo wa mambo hata kimesagika na kuwa sehemu ya mofimu ya njeo: *amekwisha kula* imekuwa *ameshakula*. Anayesema kitu kimeisha anakiweka pamoja na siku, mwezi na mshahara, mambo ambayo kwisha ni tabia yake. *Vuja* ni kitenzi cha namna nyingine. Kinakubali kiima cha aina mbili, chombo na kilichomo: husema *paa linavuja* na *maji yanavuja*, *bomba linavuja* na *gesi inavuja*. Kwa maneno mengine, kitenzi hiki humkumbusha msemaji kwamba pana chombo, na kwamba chombo kina kasoro. Aidha, katika kauli ya kutendea hudai mahali: *inavujia wapi?* Swali hilo likishaulizwa, anayejibu hana budi kushika sabuni na maji, apake povu kwenye kila nati, atazame panapotoka mapovu. *Imeishia wapi?* nalo ni swali linalowezekana, lakini mtu huuliza hivyo kuhusu barabara au kesi.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Bagamoyo, mji ambao historia yake ya karne ya kumi na tisa imebebwa na mabega ya wapagazi, una haki ya kuijua methali hiyo kuliko miji mingine. Katika kiyoyozi, hata hivyo, mchukuzi hapati nafuu: kompresa huzidi kufanya kazi, huchemka kwa kukosa mvuke wa kuipoza, na mwishowe huungua. Nafuu ni ya mwenye kuuza gesi, anayerudi kila mwaka.

Simlaumu fundi peke yake. Kutafuta tundu huchukua nusu siku, na mteja hataki kulipia nusu siku ya povu. Anataka kuona mtungi ukiunganishwa. Neno *kujaza* linauzika, *kutafuta* haliuziki. Lakini gharama haikomei kwa mteja. R-22, iliyojaza viyoyozi vyetu kwa miongo mingi, ni miongoni mwa kemikali zinazomong'onyoa tabaka la ozoni. Kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993, nchi zinazoendelea zimepangiwa kuiondoa katika matumizi ya kawaida ifikapo mwaka 2030. R-410A iliyochukua nafasi yake haiidhuru ozoni, lakini kilo moja yake huipasha dunia joto takriban mara 2,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi, kwa kipimo cha miaka 100. Marekebisho ya kupunguza gesi za kundi hilo yalipitishwa jirani yetu, Kigali, mwaka 2016. Kila tunaposema *imeisha*, zipo gramu mia kadhaa zilizokwenda angani ambazo kitenzi kimezificha.

Pwani iliyojua kuziba

Nashangazwa na jambo hili kwa sababu pwani hii si geni katika elimu ya uvujaji. Waunda majahazi wa Bagamoyo wana msamiati mpana wa kuziba. *Kukalafati* ni kushindilia pamba iliyolowekwa mafuta katika mianya ya mbao. *Deheni* ni mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu ya chini ya chombo. *Ngama* ni pale chini ndani yanapokusanyika maji yaliyopenya. Na maji hayo *hufuliwa* au *hukumbwa*. Maneno ya aina hii yalikuwa yamekwisha kuingia katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Nahodha hasemi kwamba bahari imeingia kwa kuwa ndiyo desturi yake. Huuliza mwanya uko wapi.

Je, tukope *kalafati* kwa ajili ya mabomba? Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliwahi kunipendekezea hivyo, na pendekezo lilinivutia kwa siku mbili. Halifai. Kukalafati ni kutia kitu kigeni katika mwanya, na kiungo cha mabomba ya kiyoyozi hakitakiwi kutiwa uzi, gundi wala utepe. Panapounganishwa bomba kwa bomba, neno linalofaa tunalo: *kulehemu*. Katika kulehemu, kijiti cha shaba iliyochanganywa na fosforasi huyeyuka na kupenya kati ya mabomba mawili, ilhali mabomba yenyewe hayayeyuki. Shaba huyeyuka kwenye sentigredi 1,085, na kijiti huyeyuka chini sana ya hapo. Mafundi wengi husema *kuchomelea*, neno walilolitoa kwa wenzao wa mageti na madirisha. Ila huko chuma chenyewe huyeyushwa. Kijana aliyezoea kuchomelea geti, akiambiwa achomelee bomba, huelekeza moto mpaka bomba litoboke. Hapa kutumia neno la kamusi badala ya neno la mtaani si suala la ufasaha. Ni suala la kiasi cha moto.

Jambo moja zaidi kuhusu kulehemu. Shaba inapopashwa moto penye hewa, hufanya magamba meusi ndani ya bomba. Magamba hayo hubanduka, husafiri, na kuziba njia nyembamba ambamo kimiminika hupita. Dawa yake ni kupitisha naitrojeni polepole ndani ya bomba wakati wa kulehemu. Sijasikia fundi akiwa na jina la magamba hayo, na kwa kuwa hayana jina, hayamo katika orodha ya mambo ya kuogopa. Napendekeza yaitwe *magamba ya moto*. Neno tunalo, kilichobaki ni kulitumia.

Na kuna chumvi. Upepo wa bahari unaopita juu ya mashamba ya chumvi ya Nunge haubagui. Pande la nje likiwekwa ukuta unaoelekea bahari, mapezi yake ya alumini hulika haraka, hasa pale alumini inapogusana na shaba penye unyevu wa chumvi. Mafundi wazuri huliweka upande wa bara, hata kama bomba litakuwa refu zaidi. Wanasema wameliweka *demani*. Nilipolisikia neno hilo nilifurahi kuliko nilivyoweza kuonyesha: ni neno la mabaharia, upande usiopigwa na upepo, limehama kutoka tangani hadi ukutani bila ya kamati yoyote kuketi.

Kupiga, robo na thumni

Wapo wanaolalamika kwamba mafundi wameiharibu lugha kwa kusema *kupiga vakyum*, *kupiga flea*, *kupiga bendi*. Lawama hii sikubaliani nayo. Kitenzi *piga* kimekuwa mbeba nomino katika Kiswahili tangu zamani: tunapiga magoti, mbizi, ramli, pasi na simu. Nomino ngeni ikiingia, huhitaji kitenzi cha kuibeba, na *piga* yuko tayari. Huo ni utaratibu wa lugha, na mafundi wanaufuata kwa usahihi.

Kinachonipa wasiwasi ni neno jingine, *kutoa upepo*. Kwa fundi wa magurudumu, upepo ni hewa iliyo ndani ya mpira. Fundi wa kiyoyozi akiambiwa atoe upepo katika mabomba, baadhi yao hulegeza nati kidogo, wakafungua vali, wakaiachia gesi isukume hewa nje kwa sekunde chache. Upepo umetoka, kama ulivyosemwa. Ila kilichokusudiwa kutolewa zaidi ni maji. Pwani yetu ina unyevu mwingi, na unyevu ulioganda kwenye kuta za bomba hausukumwi kwa pumzi moja. Huondolewa kwa pampu, ambayo hushusha kanieneo mpaka maji yakachemka katika joto la kawaida na kutoka kama mvuke. Wazee waliuita unyevu *rutuba*, maana ambayo sasa imehamia kwenye udongo na kuacha pengo. *Kukausha bomba* kungeeleza kazi hii vizuri zaidi ya *kutoa upepo*, kwani mtu huona mara moja kwamba haiwezi kumalizika kwa sekunde chache.

Nimetumia neno *kanieneo*. Limeundwa kwa ustadi, *kani* juu ya *eneo*, na maana yake imo ndani ya umbo lake. Katika muda wote wa kusikiliza kwangu sijalisikia juu ya ngazi. Husemwa *presha*, na utani wa presha ya fundi na presha ya mteja haukosekani. Sioni haja ya kupigana na *presha*. Lakini fundi anapaswa kujua kwamba presha ya R-410A si ile ya R-22: kwa joto la sentigredi 30, geji husoma takriban pauni 160 kwa inchi ya mraba kwa R-22, na takriban 260 kwa R-410A. Kiungo kilichostahimili ya kwanza huenda kisistahimili ya pili.

Kuhusu vipimo nitapita haraka. Mabomba hupimwa kwa inchi, na mafundi husema *robo* na *nusu* kwa ufasaha, kisha wanapofika kwenye sehemu za nane hukwama na kuhamia Kiingereza. Kiswahili kina *thumni*, sehemu moja ya nane, ambayo watu wa rika langu wanaijua kama sarafu ya senti hamsini. Bomba la *thumni tatu* na la *thumni tano* yangetamkika bila shida. Sitarajii kulisikia.

Neno gesi

Nimeliacha mwishoni jambo lililonifanya nichague mada hii. Katika eneo moja la kazi huweza kuwapo vitu vitano ambavyo vyote vinaitwa *gesi*: ile inayozunguka ndani ya kiyoyozi, ile ya kupikia, inayotumika kwa moto wa kulehemu, oksijeni inayouongezea moto huo nguvu, naitrojeni ya kupimia, na hali ya mvuke kwa jumla, kama tulivyofundishwa katika somo la sayansi kwamba maada ni yabisi, kimiminika au gesi. Polisemi si ugonjwa. Neno *kata* lina maana nyingi na hakuna aliyekufa kwa ajili hiyo. Hapa hali ni tofauti.

Naitrojeni haishiriki katika kuungua. Oksijeni huchochea kuungua. Ndani ya kompresa kuna mafuta, na mafuta yakikutana na oksijeni iliyoshindiliwa huweza kulipuka bila kiberiti, kwa nguvu ya kupasua chuma. Ajali za namna hii zimeua mafundi katika nchi mbalimbali: fundi hakuwa na naitrojeni, au msaidizi alileta mtungi usio wake, mfumo ukapimwa kwa oksijeni. Kwa macho mitungi hiyo inafanana. Hata rangi haitoi hakika, kwa kuwa rangi nayo ni lugha iliyobadilika maana: katika mfumo wa zamani wa Uingereza mtungi mweusi ulikuwa wa oksijeni, na katika mfumo mpya wa Ulaya bega jeusi ni la naitrojeni, ilhali la oksijeni ni jeupe. Mitungi ya umri tofauti ikikutana katika gari moja, weusi hausemi lolote la kutegemewa.

Sasa imeingia R-32, inayoweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi wa gesi ya kupikia. Na friji nyingi mpya hutumia gesi za jamii ya ile ya kupikia. Mafundi huziita kwa namba, *ishirini na mbili*, *nne kumi*, *thelathini na mbili*, na kwa maoni yangu hiyo ni desturi nzuri ya kuhifadhiwa, kwani namba haibadilishi maana mtaani. Lakini fundi aliyekaa miaka ishirini na gesi zisizoshika moto ana neno moja, *gesi ya AC*, lenye maana ya kitu kisichoungua, na analihamishia kwenye kitu kinachoungua.

Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa mwaka 1967, na taasisi yetu hapa chuoni, wamefanya kazi kubwa ya istilahi, na nisingependa kueleweka kwamba nawalaumu. Kwa kitu kinachozunguka ndani ya kiyoyozi ningependa tuwe na neno *kipoza*, kwa mfano wa *kipaza sauti*: ki- ya kifaa, mzizi wa kitenzi, na irabu -a. Likikubalika, *gesi ya AC* itabaki kwa wateja. Hata hivyo neno jipya huchukua miaka kuteremka kutoka kamusini hadi kwenye ngazi, na mtungi hausubiri. Lililo rahisi ni hili: vyuo vinavyofundisha kazi hii viwazoeze wanafunzi kutolitamka neno *gesi* peke yake kabisa wakiwa kazini. Anayeomba mtungi aseme *naitrojeni*, na anayeuleta arudie jina hilo kabla ya kuuunganisha, kama baharia anavyorudia amri ya nahodha. Na juu ya kila mtungi, kwa rangi na kwa herufi zinazosomeka kutoka juu ya ngazi, iandikwe kazi yake pamoja na jina lake: NAITROJENI, YA KUPIMIA; OKSIJENI, YA MOTO TU.